Tutaishi Wapi? Swali Linalosahaulika Kwenye Posa



Mwaka jana nilialikwa kwenye posa katika nyumba moja ya jumuiya yetu huku Bungu. Binti wa nyumba hiyo alikuwa amepata mchumba, kijana Mkatoliki kutoka Ujerumani, ambaye walifahamiana kazini Tanga mjini. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, barabara ya kupanda kutoka Korogwe ilikuwa matope matupu, na wageni waliotarajiwa saa nne walifika saa tisa. Walipokwisha kula, wazee wakakaa. Mshenga alieleza vizuri, na mahari ikakubaliwa upesi kuliko kawaida yetu. Kisha mjomba mmoja akauliza kwa furaha, "Sasa binti yetu anasafiri lini kwenda Ulaya?" Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa, na mama mmoja akaanza kutaja watoto wake wanaotafuta kazi.

Bibi wa binti yule alikuwa kimya muda wote. Binti alipoitwa kuja kuwasalimia wageni, bibi akamgeukia: "Mjukuu wangu, wewe mwenyewe unataka kukaa wapi?" Binti aliinamisha kichwa, kisha akajibu kwa sauti ndogo kwamba hajui, maana hakuna aliyemwuliza. Mshenga akamgeukia kijana. Kumbe naye, kwa Kiswahili chake cha kujifunza, alisema alidhani wangebaki Tanga. Neno la Ulaya hakuwahi kulitamka. Watu wazima zaidi ya ishirini tulikuwa tumeketi pale, tumekwisha kuhesabu ng'ombe na mablanketi, na wala hatukujua ndoa hiyo itaishi nchi gani.

Nimelibeba swali la bibi yule tangu siku hiyo. Mimi ni mlei; pamoja na mke wangu tunasaidia mafundisho ya wachumba. Huwa tunawauliza wachumba juu ya imani, afya, watoto, fedha na wakwe. Mahali pa kuishi hatukuwa tukiuliza, kwa sababu sisi wenyewe tulikulia katika desturi inayojibu kabla ya kuuliza: mke humfuata mume. Na siku hizi, kama mmoja anatoka Ulaya au Marekani, desturi mpya imeongezeka juu ya ile ya zamani: wote humfuata yule mwenye nchi tajiri.

Maoni yangu ni haya. Wachumba wa nchi mbili waulizwe watakapoishi kabla ya ndoa kutangazwa kanisani, na jibu lenye uzito wa kwanza liwe la yule atakayekuwa mgeni, awe mwanamke au mwanamume. Yeye ndiye atakayeamka kila siku katika lugha isiyo yake, chini ya sheria zisizo zake, mbali na makaburi ya wazee wake. Mwenzake anaweza kumpenda sana, lakini mzigo huo hawezi kuubeba badala yake.

Sisi wa milima hii na mabonde yake hatupaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Mashamba ya mkonge ya Korogwe na Handeni yalijengwa na watu waliotoka mbali. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, nayo ilileta manamba kutoka mikoa ya mbali na kutoka nje ya Tanganyika, hata Ruanda-Urundi. Wengine walimaliza mkataba wakarudi kwao. Wengine walioa hapa, wakajenga, wakazikwa hapa. Wajukuu wao ni majirani zetu, na wengine ni wanakwaya wenzetu. Kila nyumba kati ya hizo ilipitia siku ambayo mtu mmoja alikubali kwamba hatarudi alikozaliwa. Tumezoea kuwaona kama watu wa hapa hata tumesahau kwamba siku hiyo iliwagharimu.

Maandiko hayakusahau. Katika kitabu cha Mwanzo sura ya 24, Abrahamu anamtuma mtumishi wake kumtafutia Isaka mke katika nchi ya jamaa zake. Mtumishi anauliza swali la mtu mzima: je, kama mwanamke hatakubali kuja huku? Abrahamu anajibu kwamba mwanamke asipokubali, mtumishi atakuwa amefunguliwa kiapo chake. Yaani hata katika mpango ulioombewa na kubarikiwa, Abrahamu aliacha nafasi ya mwanamke kusema hapana. Na mwisho wa sura hiyo, ndugu za Rebeka wanapobishana na mtumishi kama binti akae nyumbani siku nyingine kumi au aondoke mara moja, wanaamua kumwita mwenyewe na kumwuliza kama atakwenda. Anajibu kwamba atakwenda. Wakati huo zawadi zilikuwa zimekwisha kupokelewa na wanaume walikuwa wamekwisha kukubaliana, na bado aliulizwa.

Miaka mingi baadaye Yakobo, mwana wa Rebeka, anataka kurudi kwao baada ya kuishi ukweni miaka 20. Anawaita Raheli na Lea shambani, mahali pasipo na masikio ya baba yao, anawaeleza sababu zake, anasubiri jibu lao. Wao wanakubali. Kosa lake lilikuwa jingine: aliondoka kwa siri, na Labani akamfuata akilalamika kwamba hakupewa hata nafasi ya kuwabusu binti zake na wajukuu wake. Labani hakuwa mtu mwema sana, lakini katika lalamiko hilo mzazi yeyote aliyesindikiza mtoto uwanja wa ndege anamwelewa.

Tena tukumbuke Naomi. Alimfuata mume wake Moabu wakati wa njaa, akafiwa na mume huko, kisha na wana wote wawili. Alipoamua kurudi Bethlehemu, wakwe zake wawili walikuwa na uamuzi wa kufanya. Ruthu alikwenda naye, nasi tunamsifu katika mahubiri ya harusi. Orpa alirudi kwa mama yake. Mahubiri mengine humsema vibaya Orpa, lakini katika kitabu chenyewe Naomi aliwaombea baraka wote wawili, na Orpa aliondoka baada ya busu na machozi. Kupenda kwetu uaminifu wa Ruthu kusitufanye tudai kila binti awe Ruthu.

Kwa waseminari wanaosoma sheria za Kanisa, kuna jambo la kuangaliwa kwa makini. Mkusanyo wa sheria wa mwaka 1917, kanuni ya 93, ulisema kwamba mke ambaye hajatengana kihalali na mume wake anakuwa na makao ya mume wake. Ndivyo hata desturi yetu ilivyosema. Mkusanyo wa mwaka 1983, kanuni ya 104, unasema wanandoa wawe na makao ya pamoja. Na kwa sababu ya haki kila mmoja anaweza kuwa na makao yake. Angalieni tofauti. Kanisa halisemi tena kwamba makao ni ya mume na mke huyafuata. Linasema ni ya pamoja. Na kanuni ya 1135 inawapa wanandoa wote wawili wajibu na haki sawa katika mambo ya maisha yao ya ndoa. Mahali pa kuishi ni moja la mambo hayo, tena kubwa.

Lakini pana hatari upande wa pili, na mapadre wa kesho waijue. Kanuni ya 1102 inasema kwamba ndoa haiwezi kufungwa kihalali kwa sharti linalohusu wakati ujao. Ahadi ni kitu kimoja, sharti ni kingine. Wachumba wakiahidiana kwamba wataanza maisha Tanga, hiyo ni ahadi ya watu wanaopanga. Lakini mtu akisimama mbele ya altare huku amefunga ridhaa yake kwa fundo, akisema moyoni, "nakubali ikiwa tu tutahamia Ulaya, vinginevyo sikubali," tatizo si la nyumba tena, ni la ndoa yenyewe. Kuhukumu jambo kama hilo ni kazi ya mahakama ya Kanisa. Kazi yetu sisi tunaofundisha wachumba ni kulitoa fundo hilo mapema, wakati bado linafunguka kwa mazungumzo.

Tuje sasa kwenye sheria za serikali, maana wachumba wengi hujifunza habari hizo wakiwa wamekwisha kuoana.

Tuseme wale wawili wa Bungu wamechagua Tanzania. Kijana atakuwa mgeni. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Anabaki kuomba kama mgeni mwingine yeyote. Ataishi kwa kibali, na akitaka kuajiriwa lazima apate kibali cha kazi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mkwe huyu tunaweza kumpa jembe, ila shamba litakuwa kwa jina la mke wake. Kwa wengine hilo ni jambo dogo. Kwa mwanamume aliyelelewa kuamini kwamba nyumba ni jasho lake, linaweza kuuma mwaka wa tano kuliko mwaka wa kwanza, na ukoo wa mke ukianza kumkumbusha kwamba yeye ni mpangaji tu, litauma zaidi.

Tuseme wamechagua Ujerumani. Binti atakuwa mgeni. Tangu mwaka 2007, kwa kawaida mke au mume anayetoka nchi kama yetu kwenda kuishi na mwenzake huko hutakiwa kuonyesha kwamba anajua Kijerumani cha kuanzia kabla hajapewa viza. Akifika anaruhusiwa kufanya kazi, lakini vyeti vyake vya hapa huenda visitambuliwe moja kwa moja. Baada ya miaka akichukua uraia wa huko, atapoteza wa kwetu, kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Watoto wao wanaweza kuzaliwa na uraia wa pande zote, lakini wakifika miaka 18 sheria yetu itawataka wachague. Wakenya, kwa kulinganisha, katika Katiba yao ya mwaka 2010 wameruhusu uraia wa nchi mbili, na mume au mke mgeni, bila kujali jinsia, anaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia baada ya miaka saba ya ndoa. Uingereza nao, tangu Aprili 2024, wanamtaka mtu anayemleta mwenzake kutoka nje aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kwa hiyo pengine wachumba hujadiliana kwa upendo, kisha karani wa ubalozi ndiye anayeamua.

Siandiki haya ili kuwatisha vijana. Nayaandika kwa sababu upendo usiojua haya huja kulaumiana kwa makosa ambayo si ya mmoja wao.

Mwambao wetu una kisa kinachoonyesha gharama ya kuwa mgeni bila kinga. Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, alizaliwa mwaka 1844. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily na siku hiyohiyo akafunga ndoa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mume wake alifariki baada ya ajali ya tramu. Akabaki mjane kijana mwenye watoto watatu, katika nchi ambayo baridi yake, lugha yake na watu wake bado alikuwa akijifunza, huku ndugu zake Unguja wakikataa kumpa urithi. Mwaka 1885 alirudi kudai haki yake, akasafiri chini ya ulinzi wa meli za kivita za Ujerumani zilizokuwa na hesabu zake za kisiasa, na hakufanikiwa. Alifariki Jena mwaka 1924. Salme hakuwa na nafasi ya kukaa na kuchagua kwa utulivu. Aliondoka kwa kukimbia. Wachumba wetu wanayo nafasi hiyo. Swali ambalo maisha yake yanatuachia ni gumu lakini halikwepeki: mwenzako akifa kesho, wewe utakuwa nani katika nchi ile? Utabaki na kibali gani, nyumba gani, watu gani wa kukuzika?

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema Mtakatifu Paulo alifundisha mke amtii mume, basi mume aamue. Nawaomba wasome sehemu hiyo ya barua kwa Waefeso hadi mwisho wake, mahali ambapo mume anaagizwa kumpenda mke kama Kristo alivyolipenda Kanisa na kujitoa kwa ajili yake. Mume anayesoma hivyo huanza kwa kuuliza ni nani atakayepoteza zaidi, na pengine ni yeye atakayehama.

Wengine watasema: waende penye fedha, wasaidie familia. Sidharau hoja hiyo. Najua bati zilizoezekwa na ada zilizolipwa kwa fedha iliyotumwa kutoka mbali. Lakini mjomba aliyeshangilia safari ya Ulaya hakuwa akifikiria ndoa ya mpwa wake. Alikuwa akifikiria ada ya watoto wake. Tukimsukuma binti kwenda ugenini ili atutumie, tumeigeuza ndoa kuwa mkataba wa manamba, na safari hii walioandikisha ni sisi wenyewe. Kama hali zao zitaruhusu, watasaidia. Lakini uamuzi usifanywe kwa ajili ya mifuko yetu.

Na wapo wazazi wanaosema kwa uchungu kwamba mtoto akienda mbali, wajukuu wamepotea. Hao nawaelewa kuliko wote. Kwao nina mfano wa karibu. Kule Chogo, Handeni, wako watu waliokuja kama wakimbizi kutoka Somalia baada ya vita vya mwaka 1991. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka upande huu katika karne ya 19. Walikaa ng'ambo vizazi na vizazi, na waliporudi walikuwa bado wanazungumza Kizigua. Hawakuwa na simu wala ndege, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda. Lugha ilibaki kwa sababu ilizungumzwa nyumbani. Basi wajukuu hupotea pale nyumba inapoacha kuzungumza nao, hata kama nyumba hiyo iko Korogwe mjini. Mzazi anayeogopa umbali aombe jambo hili: lugha ya mgeni, sala zake na majina ya wazee wake viwe na nafasi katika nyumba hiyo, popote itakapokuwa.

Tufanye nini basi katika parokia zetu? Napendekeza mambo manne, na sisi tumekwisha kuanza kuyajaribu.

Kwanza, katika mafundisho ya wachumba, kila mmoja aulizwe peke yake, mwenzake asiwepo, anataka kuishi wapi na anaogopa nini. Majibu hayo hutofautiana mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Pili, yule atakayehama akaishi kwanza huko kwa muda, katika maisha ya kawaida. Bungu wakati wa sikukuu, watoto wote wamerudi na nyama ipo, si Bungu ya mwezi wa nne barabara ikiwa imekatika. Na Ulaya ya mwezi wa saba si Ulaya ya mwezi wa kwanza, jua likizama saa kumi na nusu.

Tatu, watafute habari za kibali, kazi, ardhi na uraia kutoka ofisi zinazohusika, na si kwa binamu wa rafiki aliyewahi kuishi huko. Watafute pia parokia. Mgeni mwenye jumuiya ya kusali nayo ana ndugu kabla hajajua njia za mji.

Nne, wakubaliane siku ya kuliuliza tena swali. Uamuzi wa mwaka wa kwanza usiwe kifungo cha maisha. Wazazi huzeeka, watoto huzaliwa, kazi huisha. Yakobo aliwauliza wake zake baada ya miaka 20, na haikuwa imechelewa.

Nanyi waseminari, siku moja mtakaa ofisini na wachumba wawili na fomu mbele yenu. Mtauliza majina, ubatizo, vizuizi. Fomu haitawaambia mwulize kama huyu anayekwenda mbali anakwenda kwa hiari yake. Ulizeni hata hivyo, kisha nyamazeni mpaka ajibu.

Wale wawili waliahirisha harusi yao miezi sita. Binti alisoma Kijerumani. Kijana alikuja kukaa Bungu majira ya masika, akalima na wakwe zake, akaugua malaria, akapona. Mwishowe wamechagua kuanzia Ujerumani, kwa sababu mama wa kijana ni mgonjwa na hana mtoto mwingine, na wameahidiana kukaa tena juu ya jambo hili baada ya miaka mitatu. Mjomba alifurahi, ingawa sababu haikuwa ile aliyoitaka. Bibi alilia. Nilipomwuliza kama amekubali, alisema yeye hakuwa akitaka mjukuu wake abaki wala aende. Alitaka kusikia kutoka kinywani mwake. Sasa amesikia.

Tuwaombee, pamoja na wote walioifuata ndoa yao hadi nchi ya mbali, na wale walio kati yetu hapa ambao ni wageni kwa sababu walimpenda mmoja wetu. Jumapili hii, baada ya Misa, msalimie mmoja wao.